Safu ya Mwezi

Kila Jumatatu alfajiri, kabla mtu yeyote hajafungua mlango wa ofisi, ripoti yangu ilikuwa inaondoka yenyewe kwenda Ulaya. Kompyuta inaamka, inapiga simu kwa modemu, inapeleka kurasa zake, inakata, inalala. Mimi wakati huo niko nyumbani Vuga nakunywa chai. Nalisema hili mwanzo kwa sababu wengi waliojiita mafundi wa kompyuta mjini wakati ule kazi yao ilikuwa kupiga chapa kadi za harusi na kuuza wino wa printa. Mimi nilitengeneza kitu kinachokwenda bila ya mkono wa mtu. Nilikitengeneza peke yangu.

Niliondoka Unguja miaka ya themanini, kijana wa Matemwe mwenye cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Sikuwa na mjomba ubalozini wala shangazi Muscat. Uingereza niliosha vyombo vya hoteli asubuhi na jioni nikaenda darasani, mikono ikinuka sabuni, na nikapata diploma ya mifumo ya kompyuta iliyowashinda wenzangu waliozaliwa kule. Wengine walirudi na friji na magari. Mimi nilirudi na diploma, nikaitilia fremu Darajani na kuitundika ukutani. Mama alikuja kutoka shamba kuitazama.

"Karatasi hii itajenga vyumba vingapi?" akauliza.

"Utaona, mama."

"Nshaona. Haina hata dirisha."

Sikukasirika. Tangu nirudi nilikuwa sikasiriki wala sifurahi sana. Nilidhani ni baridi ya kule imenikaa mwilini na itatoka yenyewe kwa jua.

Kampuni iliyoniajiri ilinunua mwani kwa wanawake wa pwani ya mashariki, kuanzia kwetu Matemwe hadi Bwejuu, ikaufunga marobota na kuupeleka Ulaya kwa makontena. Ofisi ilikuwa ghorofani katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, yenye kuta nene kiasi cha simu za mkononi kukataa kushika mpaka mtu atoke roshanini. Wenye kampuni walikuwa Ulaya na hawakuja ila mara chache. Walichotaka ni kuona kila kitu wakiwa kwao.

Kompyuta za ofisi ile zilikuwa zikiandika mambo ya namna mbili. La kwanza ni biashara: mwani ulionunuliwa, marobota yaliyofungwa, makontena yaliyoondoka. La pili ni kumbukumbu za ukaguzi: nani kaingia, saa ngapi, kwa kompyuta ipi, kaidhinisha nini. Hizi mashine ilijiandikia yenyewe, mstari kwa mstari, na hapakuwa na mtu aliyezisoma. Zilikuwa kama mazungumzo ya barazani, yote yanasemwa na hakuna anayeyashika. Wenye kampuni walitaka mambo haya mawili yakae kwenye ukurasa mmoja, ndani ya programu yao ya ripoti za biashara, ili wakitazama kontena limeondoka waone papo hapo ni nani kalifungulia njia na kama kafuata kanuni. Kabla yangu walikuja mafundi kutoka Dar es Salaam, wakakaa hotelini, wakala, wakaondoka. Mimi niliyaunganisha. Kumbukumbu zilikuwa na alama zisizosomeka na saa zilizoandikwa kwa namna ambayo programu ya ripoti haikuzielewa. Nilizisafisha mstari mmoja mmoja kwa programu niliyoiandika mwenyewe, nikaziunga na makontena kwa namba zao. Kisha nikatia rangi. Kijani maana yake kanuni imefuatwa. Njano, kuna kasoro ndogo. Nyekundu, kanuni imevunjwa.

Kanuni kubwa ilikuwa moja. Kontena haliondoki mpaka liidhinishwe na watu wawili, mhasibu na mkuu wa ghala, kila mmoja kwa paswedi yake, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Na kuidhinisha siku ya sikukuu kulikatazwa.

Jedwali la sikukuu halikuwa langu. Lilitoka Ulaya limeshajazwa, Krismasi, Pasaka, Idi, kila moja na tarehe yake. Nilipoliona nilimwendea meneja, mtu wa mjini, mpole, ambaye suruali yake haikupata kuwa na kunyanzi.

"Idi haiwekwi mapema," nikamwambia. "Mwezi unatazamwa kwanza."

"Weka tu, bwana. Nani Ulaya atatoka kutazama mwezi?"

Nikaliweka kama lilivyokuja.

Ramadhani ya mwaka ule ilifika usiku wa kutazamwa mwezi, na habari zikaja mbili. Saudia wameuona. Kwetu redio ikasema mwezi haujaandama, watu wakamilishe thelathini. Hili kwetu si geni. Asubuhi yake nyumba moja inanuka biriani na nyumba ya pili, ukuta mmoja, watu wamefunga, na kila mmoja anamwambia mwenziwe Mungu akukubalie na moyoni anajua nani kakosea. Tarehe ya jedwali la Ulaya iliangukia siku hiyo ya kwanza, ya mwezi wa Saudia. Lakini serikali ilifuata mwezi wa hapa, kwa hivyo bandari ilikuwa inafanya kazi, na ofisi yetu pia. Waliokwishaswali Idi hawakuja. Waliofunga walikuja.

Mimi niliomba ruhusa nikaenda kwa kaka yangu Kikwajuni, ambaye hufuata Saudia, nikala kwake. Kesho yake nilikwenda Matemwe kwa mama, ambaye hufuata mwezi wa hapa, nikala tena.

Yaliyotokea ofisini siku ile ya kwanza sikuyaona, lakini nnaweza kuyaeleza vizuri kuliko waliokuwepo, kwa sababu niliyasoma. Asubuhi wakala wa meli alipiga simu. Meli iliyokuwa ikingojwa imefunga gati na itaondoka alasiri, na makontena ambayo hayajaidhinishwa yatabaki. Meli nyengine haikujulikana lini. Ofisini alikuwepo mhasibu. Mkuu wa ghala hakuwepo, yeye alikuwa kwao Bwejuu anasherehekea Idi. Mhasibu akatoka roshanini akampigia. Maneno yao kila mmoja aliyasimulia baadaye kwa upande wake, na yalilingana.

"Idi mubarak, mzee."

"Mubarak kwako, usiye na Idi. Bado umefunga?"

"Nimefunga. Meli inaondoka alasiri. Njoo uidhinishe."

"Nije vipi, bibi? Nina mjukuu mapajani na biriani kidoleni. Iandike wewe paswedi yangu."

"Haifai."

"Meli haingoji mwezi wangu wala wako. Andika."

Akamtajia. Lilikuwa jina la punda aliyekuwa naye zamani. Mhasibu alicheka peke yake roshanini mpaka wapita njia wakainua vichwa. Kisha akaingia ndani, akaidhinisha kwa paswedi yake, akaidhinisha kwa punda, na makontena yakapanda meli.

Jumatatu alfajiri ripoti yangu ikaondoka.

Jumanne meneja aliniita. Kwenye meza yake palikuwa na ukurasa uliorudi kwa faksi, rangi zote zimegeuka kijivu, lakini mstari mmoja umezungushiwa kalamu.

"Fundi, mstari huu rangi yake ni gani?"

"Nyekundu."

"Kwa nini?"

"Paswedi mbili, kompyuta moja, siku ya sikukuu. Mwenye paswedi ya pili hakuwepo kazini. Programu inaona kama imeibwa."

"Ifute."

"Haifutiki."

"Kila kitu kinafutika, bwana."

"Hiki nilikitengeneza mimi," nikamwambia. "Hakifutiki. Ingekuwa inafutika isingekuwa kumbukumbu."

Kisha akanieleza yaliyosemwa kwenye simu kutoka Ulaya. Mkuu wa ghala alikuwa amekwisha kukiri kwa sauti, mbele ya kila mtu, kwamba yeye ndiye aliyeitoa paswedi. Lakini wenye kampuni hawakutaka maneno wala barua, kwa sababu barua kila mtu anaweza kuandika. Walitaka sababu ionekane ndani ya data yenyewe. Ikionekana mpaka Ijumaa, wote wawili wataonywa na yataisha. Isipoonekana, aliyetumia paswedi isiyo yake ataondoka kazini. Aliyeitumia ni mhasibu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, wa ukoo wa zamani wa mjini, mmoja wa wale ambao babu zao walikuwa na mashamba ya mikarafuu na wao wanapanda ngazi kwenda kazini kama sisi. Mumewe alikuwa mgonjwa wa miguu. Mshahara ule ndio uliokuwa ukiingia nyumbani kwao. Siku yangu ya kwanza kazini wengine walinitazama diploma, yeye alinitazama kola na kuniambia, "Kifungo hicho kitakatika, mdogo wangu, lete nikushonee." Nilimwambia sina haja, nimezoea kujishonea. Kilikatika siku ile ile.

Nilirudi kwenye kompyuta yangu nikakaa. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na tatizo mbele yangu, na matatizo ya aina ile ndiyo niliyoyasomea. Tukiiita siku ile ya kazi, wataulizwa mbona mkuu wa ghala hakuwepo. Tukiiita sikukuu, wataulizwa mbona mhasibu alikuwepo. Jawabu halikuwa kwenye siku, lilikuwa kwa watu. Siku moja ilikuwa sikukuu kwa huyu na kazi kwa yule, na wote wawili wako sawa. Programu ilihitaji safu mpya. Mbele ya jina la kila mfanyakazi paandikwe anafuata mwezi gani, wa hapa au wa Saudia, na ripoti ihesabu sikukuu ya kila mtu kwa mwezi wake.

Niliijenga alasiri moja. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, za mabenki na mahoteli, na bado nasema safu ile ndiyo kazi yangu bora. Waliotunga programu yenyewe hawakupata kufikiri kwamba siku moja inaweza kuwa siku mbili. Mtoto wa Matemwe alifikiri. Niliijaribu kwa majina ya uongo, na mstari mwekundu ukageuka njano, onyo tu. Kwa kuwa ni jambo la imani, niliweka kwamba kila mtu ajaze mwenyewe, kwa paswedi yake mwenyewe, na kumbukumbu zioneshe kwamba ni yeye aliyejaza.

Nikapita kuwaomba wajaze.

Mkuu wa ghala nilimkuta anahesabu marobota. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nshasikia. Unataka kuniandika mwezi."

"Ni kwa ajili ya mhasibu."

"Niandike! Mwezi wangu uko mbinguni, hauogopi karatasi." Akaja juu, akajaza kwa kidole kimoja.

Tarishi alisema, "Mimi naufuata mwezi wa mke wangu, yeye ndiye apikaye." Akajaza wa hapa. Karani wetu wa Kikristo, aliyezaliwa na wazee wa bara, alisema kama kuna nafasi ya Krismasi atajaza. Nikamwambia hakuna. Akasema basi aachwe na dhambi zake. Watu walicheka, na kwa siku ile ofisi ilikuwa na furaha kidogo.

Mhasibu nilimwachia mwisho kwa sababu nilidhani ndiye mwepesi kuliko wote. Alikuwa anafunga daftari lake. Nilimweleza safu inafanya nini, nikamwonesha mstari ukigeuka rangi. Aliangalia mpaka mwisho.

"Umeifanya wewe hii?"

"Peke yangu."

"Hodari. Mashaallah." Kisha akasema, "Lakini mimi usiniandike."

Nilidhani hakufahamu. Nikamweleza tena. Nikamwambia ni neno moja tu, na kila mtu ofisini analijua, siku ile alikuwa amefunga mbele ya macho ya watu.

"Wanajua kwa kuniona," akasema. "Kuonwa si kuandikwa."

"Tofauti yake nini?"

Aliangalia mlangoni, ingawa hapakuwa na mtu. Alizungumza kwa sauti ile ile aliyotumia kuulizia risiti.

"Nilipokuwa mdogo baba yangu aliandikwa. Walipita nyumba kwa nyumba, vijana wapole tu, wana kalamu. Wakasema wanataka kujua nani anakaa wapi na anaswali wapi, basi. Mama akawapa maji. Baba akawatajia majina yetu sote na herufi zake, maana hakupenda mtu akosee. Baadaye walirudi wengine, hawakuwa na haja ya kuuliza, wakaondoka na baba." Akakunja daftari. "Wale vijana hawakuwa wabaya. Hawakujua karatasi inakwenda kwa nani. Na wewe hujui."

"Inakwenda Ulaya kwa wauza mwani," nikasema.

"Leo."

Nilimwambia atapoteza kazi.

"Nnajua hesabu, mdogo wangu. Ndiyo kazi yangu." Akavaa buibui akaondoka, maana saa ya kazi ilikuwa imekwisha.

Kesho yake meneja aliniita tena. Nilimweleza. Akatoa kitambaa akafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

"Mjazie wewe."

"Kwa paswedi ya nani?"

"Yake. Wewe ndiye unayezitoa, unaweza kuibadili, ukaingia, ukaandika neno moja, ukatoka. Sote tunajua mwezi wake. Si uongo."

Alikuwa sahihi kwamba ninaweza. Katika nyumba ile hapakuwa na mlango wa kompyuta nisioweza kuufungua. Nilimwambia, "Anafukuzwa kwa kuingia kwa paswedi ya mwengine. Unataka nimwokoe kwa kuingia kwa paswedi yake?"

"Nataka aokoke, bwana. Kwa vipi, mimi si fundi."

"Na yeye amesema asiandikwe."

Meneja akarudisha miwani usoni. Nilisimama pale nikingoja nihisi jambo, huruma au hata hasira, kama mtu anayengoja kupiga chafya. Halikuja. Nikarudi kazini kwangu.

Ijumaa ilipita. Watu walikwenda msikitini, wakarudi, wakala. Mara kwa mara mtu alipita nyuma yangu akachungulia skrini kama anayetazama sufuria ya mwenziwe. Mbele ya jina lake safu ilibaki tupu. Mstari ulibaki mwekundu. Jumatatu alfajiri ripoti ikaondoka yenyewe, nami nilikuwa Vuga nakunywa chai.

Siku ya kuondoka alikuja mezani kwangu kurejesha funguo, na kwa kanuni ilibidi niifunge paswedi yake mbele yake. Nilibonyeza. Kumbukumbu ikaandika saa, jina langu na jina lake.

"Ndiyo hivyo?" akauliza.

"Ndiyo hivyo."

"Nilidhani italia." Akaweka mkoba begani. "Hebu nambie. Wewe Idi ile uliswali siku gani?"

"Sikuswali. Nilikula."

"Siku gani?"

"Ya kwanza kwa kaka, ya pili kwa mama."

"Zote mbili!" Alicheka kama nilivyosikia alicheka roshanini. "Idi mbili, na saumu je?"

Nilizihesabu funguo.

"Basi ndugu yangu, wewe ndiye wa kuandikwa. Huna mwezi wa kugombaniwa." Akanitazama kola. "Na kifungo hicho umekishona vibaya." Akashuka ngazi taratibu, mkono ukutani, kwa sababu ngazi zile zilikuwa na giza hata mchana.

Wiki iliyofuata mkuu wa ghala alipanda juu. Sikuwahi kumwona bila ya mzaha, na siku ile hakuwa nao. Hakungoja nimwamkie.

"Nitolee mwezi wangu."

"Mzee, kumbukumbu kwamba uliandika haifutiki."

"Basi hiyo ibaki. Neno lenyewe litoe."

Alilitoa mwenyewe, kwa kidole kile kile. Baada yake alikuja tarishi, akasema mkewe kamwambia atoe. Mmoja mmoja wakapita mezani kwangu na kuyatoa, bila ya ugomvi, kama watu wanaochukua viatu vyao mlangoni. Hakuna aliyenilaumu. Labda wangenilaumu ningejua la kusema.

Wenye kampuni waliandika kunisifu. Ripoti za wiki zote zilizofuata zilikuwa kijani kutoka juu hadi chini, kwa sababu mhasibu mpya, kijana mwenye tai, alikuwa hawezi kuidhinisha hata kalamu bila ya kuangalia kanuni. Mwaka uliofuata mwezi ukagawanyika tena, na mkuu wa ghala akawa kwao Bwejuu. Meli ikaja, ikangoja, ikaondoka bila ya makontena yetu. Siku ile hapakuwa na lolote la kutiwa rangi. Ripoti ilitoka kijani.

Mhasibu nilimwona mara nyengine akiuza visheti na kashata kibarazani kwao, meza ndogo, vitu vimepangwa sawasawa. Nilinunua. Alinihesabia chenji bila ya kuiangalia, akaniuliza mama hajambo. Nikasema hajambo.

Nilikaa kampuni ile mpaka nilipopata pazuri zaidi, na nilipata pazuri zaidi kwa sababu ya kazi ile, sioni haya kusema. Kabla sijaondoka nilipitia kila jedwali kumkabidhi fundi mpya. Safu ya mwezi ilikuwa bado ipo, majina yote yamesimama na mbele yao hapana kitu. Nilijaza yangu. Programu ilikataa, kwa sababu niliitengeneza ikubali mwezi mmoja kwa mtu mmoja. Nikaifungua, nikaibadilisha, nikaandika yote miwili, wa hapa na wa Saudia, kwa paswedi yangu mwenyewe.

Fundi mpya akauliza safu ile ni ya nini.

Nikamwambia inafanya kazi vizuri, asiiguse.